Koki Niliyomficha Nduku

Nakumbuka Jumatatu moja, miaka ya elfu mbili ikiwa ndiyo imeanza, na waliokuwepo nitawataja wote. Tulikuwa wanne katika duka moja la dobi nyuma ya Adams Arcade, Nairobi. Mimi, Mama Kui, niliyekuwa natembea kutoka Kabiria. Otieno, mfuaji, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Wairimu, msimamizi, shemeji ya mwenye duka. Na Nduku, msichana wa Machakos mwenye wiki moja kazini. Shangazi yake, Mama Mutua, tulikuwa naye katika akina mama wa kanisa.

Mwanangu, mimi niliishia darasa la pili. Mashine ya kupiga pasi kwa mvuke nilifundishwa na Mzee Kyalo, mpiga pasi aliyenitangulia hapo, Mungu amrehemu. Hakuniuliza cheti. Tulikula githeri sufuria moja, na kati ya kijiko na kijiko akanipa siri zake. Kubwa ni hii: kila asubuhi, kabla hujakanyaga pedali, fungua koki ndogo ya chini umwage maji yaliyolala kwenye bomba. Usipoyamwaga, mvuke huyatema yakichemka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Kyalo alipoondoka kata ilibaki mimi.

Wairimu alipokuja alitenga vikombe: vya udongo ni vya wenye vyeti, vya plastiki vyetu. Otieno alicheka, "Mama Kui, chai ni ile ile, ni kikombe tu kinaringa." Mimi sikucheka. Kisha Wairimu akamleta Nduku, akasema mbele ya wateja, "Huyu amesomea. Mfundishe wiki hii, halafu wewe urudi kuloweka mashuka. Mashine si ya watu wa kuweka kidole gumba."

Nikamfundisha. Kola, mikono, mikunjo ya suruali. Koki nilikuwa naifungua mwenyewe kabla hajafika. Ijumaa akaniuliza kwa adabu, "Mama Kui, kuna kingine sijashika?"

"Ni hayo tu, Nduku."

Sitakudanganya. Nilitaka maji yaharibu shati la mteja, Wairimu aaibike, aje kuniita. Jumatatu hiyo koki sikuifungua. Nikiwa kwenye beseni, nikasikia bomba linakohoa. Ningeweza kupiga kelele. Nikaendelea kuloweka. Nduku alikuwa amenyoosha mkono kulainisha kola.

Maji yanayochemka yakamrukia. Mkono ulipona, lakini vidole havikukunjuka tena. Wairimu akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Nikarudishiwa mashine, Nduku akarudi kwao bila kazi. Na Mama Mutua, maskini, aliendelea kunishika mkono kila Jumapili akiniita dada.

Basi sikia. Ukiwa mkubwa kazini, ujuzi wa mtu huupati kwa amri. Ukimdharau atakupa nusu, na nusu aliyobaki nayo ndiyo itakayounguza. Nawe uliyedharauliwa, gombana na aliyekutukana, usoni pake. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na mimi hata sikupigana. Nilikanyaga nyasi tu.

Mungu akupe wakubwa wanaokusalimia, na akupe mdomo unaofunguka mapema kuliko wangu.

Otieno na Wairimu, kama nimekosea siku au jina, nirekebisheni. Nduku naye, haya yakimfikia, anirekebishe, hata ikiwa ni kwa matusi.