Kitenge cha Mama Yustina

Ipo Jumapili moja ya miaka ya wakimbizi ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilikoweka miwani. Nilikuwa binti wa kwaya katika kanisa letu la Rusimbi, tena nikijiona mtu wa maana sana.

Warundi walikuwa wamejaa mjini wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Kanisa likaanzisha kikundi cha upatanisho, maana Wahutu na Watutsi walikimbia vita ileile lakini hawakutaka kukaa benchi moja, na sisi Waha, wenyeji wa mji, tulijifanya hayatuhusu. Tukawachanganya kwenye mabenchi. Wakati wa kupeana amani watu walishikana mikono vizuri kabisa, padri akafurahi. Nje ya mlango kila mmoja alishika njia yake na watu wa kwao.

Kwetu, mama wa ubatizo humfunga mtoto mgongoni na kumbeba mpaka nyumbani, mtaa mzima ukimwona. Jumapili hiyo Sabina, mjane kijana wa Kitutsi, alileta kichanga chake kibatizwe. Lori lake lilikuwa linaondoka kesho yake, na hakujua kama huko aendako atampata padri. Katekista akauliza nani atamsimamia mtoto huyu. Watu wakatazama paa kama ndiyo kwanza linaezekwa.

Ndipo akainuka Mama Yustina, Mhutu. Wanawe wawili waliuawa na Watutsi, kama mume wa Sabina alivyouawa na Wahutu, na kanisa zima lilijua. Akafungua kitenge chake, akanyoosha mikono. Sabina akarudi nyuma, amemkumbatia mtoto kwa nguvu. Alimwogopa, na mimi nisingemlaumu.

"Niogope tu, mwana wanje," Mama Yustina alimwambia polepole, akimwita mwanangu kwa lugha yao. "Hata mimi nakuogopa. Lakini mtoto asiondoke bila ubatizo kwa sababu yetu."

Kisha akatugeukia sisi. "Na ninyi mnaonipa mkono kila Jumapili, huwa mnanipa mkono wa nini?"

Katekista akainamisha kichwa. Sabina akalia, kisha akamtoa mtoto. Baada ya ubatizo Mama Yustina alimfunga mgongoni, wakatoka. Njia nzima mpaka mtaa wa Mwanga, alikohifadhiwa, Sabina alitembea nyuma yao ameshika pindo la kitenge kile. Sisi wanakwaya tulifuata, na hakuna aliyepata wimbo wa kuanzisha.

Kesho yake Mama Yustina aliomba apande lori hilohilo. Alipofariki kambini miaka mingi baadaye, nilikwenda kuzika. Aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, mahali pa wanawe, alikuwa mtoto yule, sasa naye ni mama. Hakuna aliyemuuliza kabila lake.

Kwa hiyo, mwanangu, kanisa lako likihubiri usawa, usilipime kwa mikono inayoshikana ndani. Tazama nani anambeba mtoto wa nani barabarani, mchana, majirani wakiona. Wala usingoje hofu iishe ndipo uanze. Sabina hakuliachia lile pindo hata mara moja, na bado walifika.

Mungu akupe mgongo wenye nafasi. Na siku utakapokuwa wewe unayeogopa, akupe mtu atakayekuacha ushike kitenge chake.