Tulivyohamisha Kivuli Uwanjani

Mjukuu wangu anapiga mpira kwa mguu wa kushoto, na akiupiga, kipa huenda kuutafuta wavuni. Nasema hivyo bila haya. Shule sikukaa sana lakini macho ninayo, na Garsen nzima sijaona mtoto wa kike anayekimbia kama yule.

Baba yake, mwanangu wa kwanza, ndiye alitaka kumtoa. Mpira wenyewe hakuugombeza, aligombeza uwanja. Uwanja wetu ni mahali peupe. Upande wa kusini kuna mathenge, ile miti ya miiba, na wanaume wamejiwekea pale, kivuli chote chao. Sisi wanawake tukae wapi? Upande wa pili ni jua, na upepo wa kusi unakujaza vumbi mdomoni na kukuvua mtandio mbele za watu. Kwa hiyo hatukwenda. Mwanangu akasema binti yake hatacheza mahali pasipokalika na mama zake. Mechi na wasichana wa Kulesa ingekuwa ya mwisho.

Sikutulia. Nilizunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ninaanza kukamua, naacha. Ninachemsha chai, inafurika. Mpaka nikajiuliza, mbona nalia kwamba mahali hakuna, na kazi yangu ni kujenga? Kwetu Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye hukata fito, huzipinda, huzifunga kamba na kuzifunika mikeka, na ng'ombe wakihama, huifungua akaipakia punda. Mwanamume anakaribishwa tu.

Nikamwambia mwanangu, "Umesema hakuna mahali. Nitapajenga. Ukikuta mama zake wameketi vizuri, utasemaje?"

Akasema, "Nitakuja nione kwanza."

Siku ya mechi tulifika mapema, mimi na mkaza mwanangu, yaani mama yake msichana, na majirani. Tukajenga upande wetu ule wa jua. Kufikiri sikufikiri, mikono ilijua yenyewe: mgongo kwa upepo, mlango upande wa pili, kama nilivyojenga tangu niolewe. Tukaingia. Vumbi hakuna, jua hakuna. Refa akapiga filimbi, makelele yakaanza, nyuma yetu.

Mbele yetu kulikuwa na barabara na mbuzi wanaokula karatasi.

Jirani yangu mmoja, ambaye ulimi wake hauna breki, akasema, "Haya Akko, tuwashangilie mbuzi." Akko ni bibi, kwetu.

Nikatoka, vumbi likanijaa machoni, nikarudi, nikatoka tena. Nikafunua mikeka ya upande wa uwanja, upepo ukaingia kama fahali, mkeka mmoja ukaruka. Kutoka kwenye mathenge mtu akapaza sauti, "Mama, mlango umeuacha Hola?" Wakacheka mpaka wengine wakajilaza.

Hapo mwanangu akafika kwa pikipiki. Alimkuta mkewe ameuma mtandio kwa meno usipeperuke. Akatazama nyumba, akatazama mbuzi.

"Umeona, Mama," akasema. Pole pole, kama mtu aliyekwisha kata shauri.

Msichana alituona kutoka katikati ya uwanja. Mpira ukampita miguuni akiwa ameduwaa, na Kulesa wakafunga.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nikaifunga tena mikeka, nikawaambia wanawake washike fito, kila mmoja wake, kutoka ndani. "Inueni." Mkaza mwanangu akauliza tunaipeleka wapi. Nikamwambia inakotoka kusi.

Tukaivusha katikati ya uwanja. Waliokuwa nje wanasema waliona nyumba inatembea kwa miguu ya madera. Sisi ndani hatukuona kitu, tulikanyagana na kutukanana. Tulipofika kwenye mathenge, mzee mmoja wa rika langu akauliza nani ametupa ruhusa.

"Nyumba yangu haiombi ruhusa," nikasema. "Sogea, isije ikakuketia."

Akasogea, na wenzake wakasogea. Tukaiweka chini. Sikuigeuza hata kidogo: mgongo kwa kusi, mlango ukatazama uwanja.

Wenzangu waliketi, mitandio imetulia. Mimi kukaa sikuweza. Nilisimama mlangoni nimekumbatia ufito, namtafuta mwanangu kwa jicho moja na mjukuu kwa lingine. Yule mtoto akapiga kwa mguu wake wa kushoto, wavu ukatikisika, na mama yake akapiga vigelegele mbele ya wanaume wote. Nikageuka. Mwanangu alikuwa amezunguka uwanja, amesimama kando ya mlango wangu. Hakuingia.

Mechi ilipokwisha aliinama akaangalia fito zilipokaa.

"Mara nyingine irudishe nyuma kidogo, Mama," akasema. "Mpira wa kona utawapiga."

Nikamwambia nimesikia. Kisha nikazunguka nyuma ya mikeka, asikoniona, nikakaa chini mchangani.