Kopo la Ng'ambo Mbele ya Wakwe

Nilifuata chumvi tu dukani Bukoba mjini, lakini masikio nilikwenda nayo. Jirani yangu wa Kibeta, aliyengoja wageni wa posa ya binti yake, alikuwa akiomba kahawa ya kopo kutoka ng'ambo.

"Hiyo imepandishwa ushuru, mama," mwenye duka alimwambia. "Serikali inalinda viwanda vyetu. Chukua ya hapa."

"Na binti yangu nani atamlinda? Watatuona washamba!" Akalipa, akaondoka na kopo lake.

Jioni nikajialika. Wageni, wakulima wa kahawa kutoka Ijumbi, wakanywa kahawa ya kopo. Mjomba wa kijana mposaji akachungulia kikombe, akachungulia meza.

"Nyumba hii haina kahawa?"

Jirani akainua kopo. Mzee huyo akachukua kofia yake ili aondoke. Kwetu mgeni asiyepewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, amefukuzwa kwa adabu.

Nikachomoa akamwani ya mkobani mwangu, nikampenyezea jirani ampe. Mzee akatafuna, akaweka kofia chini, posa ikapokelewa.

Wakati wa kuaga mzee aliliomba kopo. "Mwageni huo unga," alisema, "nitalitumia kuwekea akamwani."

Serikali ihangaike na ushuru kwa nini, na wazee wetu bado wana meno ya kutafuna akamwani?