Mtani Aliyelitaka Garimoshi la Kabula

Kunja uso utakavyo, haya yalinikuta mimi mwenyewe, Isevya, Tabora, mchana wa Jumapili, enzi za Mwingereza. Na sikuwa nimelewa.

Nilikuwa fundi wa reli. Mzungu mmoja alipokuwa anarudi kwao aliuza vyombo vyake, nami nikanunua garimoshi la kuchezea, kuukuu, la kutia ufunguo. Springi yake ilikuwa mbovu. Binti yangu Kabula alikuwa na homa siku ya nne, hali chochote, ila anauliza tu, "Baba, limeshatembea?" Basi nikaketi barazani na koleo, nikaing'oa ile springi, nikawa naikunja upya.

Akaingia mwanamume nisiyemjua, nguo zimejaa masizi kama watu wa kwenye injini.

"We Mnyamwezi, bado hujafa tu?"

Nikajua huyu Mzaramo, mtani wangu. "Tangulieni ninyi!"

"Mimi nimeshatangulia. Wamenizika juzi."

Nilicheka, jamani! Wewe usingecheka?

"Nipe hilo garimoshi," akasema.

"Thubutu! La mwanangu, anaumwa."

"Basi nipe mtoto."

"Mchukue! Garimoshi sikupi."

Ndiyo, kwa mdomo huu huu. Mtani hujibiwa vipi kama si hivyo?

Yeye hakucheka. Akalinyanyua garimoshi, magurudumu yakazunguka mbio. Nisikilize vizuri: springi ilikuwa mkononi mwangu! Akaliweka chini, akapita mlango wa chumba cha Kabula, na mlango ule ulikuwa umefungwa, wala haukufunguka.

Nikaurukia. Ndani yule mtu hayumo; yumo mke wangu tu, anamtikisa mtoto.

"Baba Kabula, hapumui!"

Nikakimbilia barazani, nikalinyakua garimoshi, nikalirusha mle chumbani, napiga kelele, "Chukua hili! Nilikuwa natania!" Sikusikia likianguka. Tulilitafuta baadaye mpaka uvunguni, hatukuliona.

Kabula akavuta pumzi, akafumbua macho. Nililia, mwanamume mzima. Nikaenda kumkumbatia, akajivuta kwa mama yake.

"Yule mtu kanishika mkono," akasema. "Kaniambia, twende, baba yako amekutoa."

Leo Kabula ana watoto wanne, anakaa Nzega. Shikamoo yake naipata, lakini wajukuu hawajalala kwangu hata siku moja. Nimemweleza mara ngapi kwamba ule ulikuwa utani! Ananisikiliza, kisha anaaga, na mimi inaniuma mno. Taniana na watu utakavyo, toa hata nyumba yako. Mtoto usimtaje. Anaweza kupona, lakini atakuwa amesikia.