Uzito wa Ukurasa wa Bei

Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa Mbinga, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mjomba wangu aliteremsha magunia yake kutoka Litembo, akayapanga barazani kwa mmoja wao, kisha akanifuata kwenye chumba cha intaneti. Lori la mnunuzi lingeondoka mchana. Alitaka kujua kitu kimoja: bei ya mnadani imepanda, au auze tu mavuno yake ya mwaka mzima?

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fungua hiyo mashine yako."

Mashine ilikuwa wazi tangu asubuhi. Laini ya simu ndiyo iliyonitesa. Ukurasa wa bei za mnada ulijazwa picha za mashamba na vibendera vinavyopepea, vitu visivyomsaidia mkulima yeyote, na kila ukifika nusu laini inakatika. Nikaandika programu fupi ya Python iiulize seva kwa amri ya HEAD badala ya GET. Ukiuliza hivyo unaletewa vichwa vya jibu tu: ukurasa upo au haupo, ulibadilishwa lini, una uzito gani. Mwili wenyewe unabaki hukohuko. Jibu likaja upesi, nikafurahi kama mjinga.

"Upo. Umebadilishwa leo asubuhi. Na umekuwa mkubwa, karibu mara mbili ya wa wiki iliyopita."

"Bei?"

"Bei haimo humu, mjomba. Hivi ni vichwa tu."

Alinitazama kana kwamba nimetumwa samaki Liuli nikarudi na magamba.

"Mara mbili, umesema?"

"Huo ni uzito wa ukurasa, si..."

"Mpwa wangu, mimi nimezeekea kwenye mizani. Kitu kikizidi uzito, ndani mna kitu."

Akatoka. Nimeishi miji mingi tangu wakati huo, na laini siku hizi zinakimbia, lakini nikiona vichwa vya jibu kwenye kioo bado namkumbuka mjomba na mizani yake. Nilimkuta barazani akiondoa magunia yake, mnunuzi amesimama mikono kiunoni.

"Mzee, nani kakudanganya bei imepanda?"

"Kompyuta."

"Kompyuta inalima kahawa?" Watu wakacheka. Nikaanza kueleza habari za seva, wakacheka zaidi. Mjomba hakugeuka hata kunisikiliza. Lori likaondoka bila magunia yake.

Alasiri laini ikatulia, ukurasa ukafunguka wote. Juu kabisa palikuwa na tangazo refu lenye picha ya viongozi wamekaa mezani: mnada umeahirishwa. Chini yake, bei ileile ya wiki iliyopita.

Mjomba alilisoma mwenyewe neno kwa neno, midomo ikicheza.

"Lori jingine linakuja lini?"

"Sijui, mjomba."

"Basi iulize," akasema, akiisonta mashine kwa kidole. "Na safari hii iambie ilete mwili."