Vipele Vyeupe vya Mwalimu Editha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama ng'ambo ya barabara karibu na mizani ya wanunuzi wa kahawa, ili mtu akipita adhani nimetumwa kuuliza bei. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa naogopa watu. Bado naogopa. Mama Saluni, ndivyo Nkwenda nzima inavyomwita mwenye saluni ile, alikuja na funguo zake, akaniangalia uso kwanza kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

"Marahaba. Hivyo vya chini ya macho umevitoa wapi?"

Nikajifunika kwa kiganja. Nilikuwa na vipele vyeupe saba, vidogo kama punje za ulezi, vigumu, haviumi wala haviwashi. Nilikuwa navihesabu kila asubuhi. Nikamjibu kwamba sijui.

Nawaandikia nyinyi mtakaoshika ufagio ule baada yangu. Mama Saluni ameniambia niandike kazi ilivyokuwa, na daftari hili litakaa kwenye droo ya taulo. Nilifanya kazi miezi saba tu. Mtacheka mkisikia msichana wa miaka kumi na minane anasema amestaafu, lakini yako mambo ambayo mtu akiyajua mapema hatamharibu mwenzake.

Pale kazi ilikuwa na ngazi zake. Unaanza kwenye ufagio na maji: kufagia nywele, kuchemsha maji, kufua taulo na kuzianika upande wa nyuma ambako vumbi la malori halifiki. Ukiaminika unapelekwa kwenye beseni, kuosha nywele za wateja. Ngazi ya juu kabisa ilikuwa uso. Huyo anayefanya uso alikuwa na kiti chake mbele ya kioo kikubwa. Mteja anaegemea, unamfukiza kwa taulo lililochovywa maji ya moto, unamsugua taratibu kwa skrabu, unamsafisha, unampaka losheni. Anaamka amependeza na anajua ni wewe. Mimi sikuwa napenda sana nywele. Nilikitaka kile kiti.

Nilikaa wiki sita kwenye ufagio. Wiki ya saba akaja Aneth.

Aneth ni wa Isingiro. Wazazi wake asili yao ni Burundi, wanafanya vibarua kwenye mashamba ya migomba ya watu, na yeye aliishia kidato cha pili. Ngozi yake ilikuwa kama ganda la biringanya, hakuna doa, hakuna kipele, na alikuwa anapaka mafuta yaleyale ya kopo ninayopaka mimi. Hilo lilinikera kuliko yote. Na alikuwa anaongea. Mteja akiingia, Aneth ameshamuuliza habari za mtoto, za kahawa, za goti la mama yake. Mimi nilikuwa nakaa siku mbili natunga sentensi moja, na nikiitoa mteja ameshaondoka.

Sifa yake kubwa ilikuwa mkono mwepesi. Kwao watoto wote walikuwa wanaletwa kwake kutolewa funza. Kama hujawahi kuona, funza akikomaa anakuwa na kifuko cheupe chini ya ngozi ya kidole, na fundi anazunguka pembeni kwa pini polepole mpaka kifuko kitoke kizima bila kupasuka. Aneth alikuwa anamtoa mtoto funza bado anatafuna muwa, hajui kama kazi imeisha. Wiki yake ya pili, mama mmoja wa sokoni akaja anachechemea, Aneth akapiga magoti palepale kwenye saruji akamtoa wawili. Yule mama alimsifu mpaka akatoka nje kuwasifia wengine.

Siku hiyohiyo Mama Saluni akampa kiti cha uso. Nilikuwa nimeshika beseni la taulo, nadhani nilisimama muda mrefu, maana aliniambia bila kugeuka, "Kemi, usinune. Wewe mkono wako ni wa kupura maharage."

Wote wakacheka. Aneth pia, ingawa yeye aliangalia chini. Usiku niliandika kwenye daftari langu la siri kwamba naomba akosee. Naliona hilo neno mpaka leo, nililikandamiza kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa nieleze nilivyovijua vile vipele. Dada yangu alijifungua, na wiki ya pili nikamsindikiza zahanati. Mtoto alikuwa na nukta nyeupe puani na mashavuni, na dada alikuwa amekwisha kuanza kuzikamua. Muuguzi aliyekuwa zamu, mtawa mmoja mtu mzima tunayemwita Sista, akamshika mkono.

"Waitu, jamani, mwache mtoto," alisema. "Zitaondoka zenyewe wiki chache hizi. Mnatangaza vita na kitu kisichopigana."

Akatueleza. Ngozi inajivua kila siku, kama mgomba unavyoachia magome makavu. Mara nyingine kigamba kidogo kinakosa njia ya kutoka, kinanaswa chini ya ngozi mpya, kinajikunja na kuwa punje ngumu. Jina lake la kitabibu ni milia. Siyo usaha, ndiyo maana ukikamua hakitoki kitu, unaumiza ngozi bure. Siyo chunusi. Siyo uchafu, siyo laana, na haviambukizwi kwa taulo wala kwa kusalimiana. Mtu mzima naye anapata, hasa chini ya macho. Mafuta mazito yanaweza kuvizidisha kwa sababu yanaiziba ngozi. Jua kali na krimu za kujichubua zinaichosha, na ngozi iliyochoka inanasa zaidi.

Dada alipotoka kumnyonyesha mtoto, nilijikaza nikamuuliza Sista: je, kama rafiki yangu anavyo, avitoboe?

"Huyo rafiki yako mwenye macho kama yako," akasema, "mwambie aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, aache kujipaka mafuta ya mgando usoni, asitoboe na asikamue. Karibu na jicho ndiyo asiguse kabisa. Ngozi yetu hii nyeusi ukiichokoa inakuachia doa jeusi la miezi, na kipele chenyewe kilikuwa hakina neno."

Nikarudi Nkwenda nimejua kitu ambacho Aneth hajui. Ningeweza kukisema. Lakini niliona ni changu, nikakiweka. Nilikuwa nasubiri siku nitakayokitoa mbele ya Mama Saluni na mimi nisifiwe.

Siku yenyewe ilikuja na Mwalimu Editha. Alikuwa anafundisha shule ya msingi pale Nkwenda, lakini kwao ni Kanoni, na ndoa yake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata katika kanisa la Kilutheri la kwao. Shangazi yake alikuwa amefuata ya zamani: bibi harusi anafichwa jua na anapakwa samli ya ng'ombe usoni asubuhi na jioni ili ang'ae. Alikuwa anang'aa kweli. Ila chini ya macho vilikuwa vimejaa vipele vyeupe, vingine kwenye kope. Akaketi kwenye kile kiti akasema hataki kwenda madhabahuni amebeba ulezi usoni.

Aneth aliinama akaviangalia kwa karibu. Nikaona uso wake umefunguka, kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Hivi navijua," alisema. "Vina vifuko kama vya funza. Navitoa vizima, Mwalimu, hutasikia."

Mama Saluni alikuwa ameenda Kayanga kuchukua nywele za kusuka. Aneth akachukua pini, akaipitisha kwenye pamba yenye spiriti, akamfukiza Mwalimu kwa taulo nililochemsha mimi. Nilikuwa nyuma yao, hatua tatu. Nilijua. Nilifungua mdomo. Kisha nikafikiria: akiacha sasa, ataendelea kukalia hicho kiti, akikosea, je? Nikafunga mdomo nikaenda kukung'uta taulo nje.

Alitoa kumi na moja. Viwili vilikuwa karibu sana na jicho, na uso hauna ngozi nene kama ya kidole cha mguu. Pini iliingia zaidi ya alivyozoea. Jioni Mwalimu alikuwa na mistari myekundu. Asubuhi jicho la kushoto lilikuwa limevimba, vidonda vinatoa maji. Shangazi yake alimleta saluni amemfunika kanga, na Mwalimu alikuwa analia chini ya kanga. Mama Saluni akawapakia kwenye pikipiki yeye mwenyewe, akawapeleka kwa Sista.

Sista alisafisha vidonda, akampa dawa ya kupaka, akakataza samli. Uvimbe ulishuka, jicho lilipona. Madoa hayakuondoka. Katika picha zote za ndoa Mwalimu amegeuza uso upande wa kushoto, hata ile ya kukata keki, amegeuka na kisu kimeelekea kulia.

Aneth alifukuzwa siku ileile Mwalimu alipopelekwa kwa Sista. Alikunja aproni yake vizuri akaiweka kwenye kiti. Jumatatu Mama Saluni akaniambia nikalie mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokipata. Nilikikalia wiki tatu. Kile kioo kikubwa, ukiwa unamhudumia mteja, unajiona wewe pia, muda wote. Wateja waliulizia Aneth. Nikawa namwonea wivu hata akiwa hayupo.

Jumapili moja baada ya misa nilichukua bodaboda mpaka Isingiro. Nilimkuta uani kwao, mguu wa mtoto wa jirani juu ya paja lake, pini mkononi. Mama yake alinikaribisha, akaniletea katogo, ndizi zilizopikwa na maharage, kama mgeni wa maana. Hotuba niliyoitunga njiani yote ilipotea. Nikasema tu kwamba siku ile nilijua.

Aneth hakuinua macho kwenye kidole cha mtoto.

"Nilikuona kwenye kioo," alisema. "Ulifungua mdomo, ukaufunga. Nikadhani unapiga miayo."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mama Saluni.

"Ningemwambia nini? Pini nilishika mimi." Akamwachia mtoto, mtoto akakimbia. "Lakini mimi sikujua, Kemi. Wewe ulijua. Yule Mwalimu alikukosea nini?"

Mpaka siku ile nilikuwa nimehesabu kwamba nimemnyima Aneth tu. Mwalimu Editha sikuwa nimemhesabu kabisa, kama vile uso ule haukuwa wa mtu.

Jumatatu nilimweleza Mama Saluni. Alikuwa anamsuka mtu, akaendelea mpaka akamaliza mstari ule, mimi nimesimama. Mteja akajifanya anasoma simu.

"Kachukue ufagio," akasema. Kisha: "Na umpigie mwenzio. Mwambie aje na yeye ashike wake. Nilimfukuza mmoja, kumbe walikuwa wawili. Watatu, na mimi niliyempa mtu wa funza nyuso za watu bila kumfundisha."

Siku ya pili alitupeleka sote kwa Mwalimu Editha. Tulipiga magoti, tukaomba radhi. Alitusikiliza, akatupa chai, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sitaandika kwamba alisema. Kutoka pale tukapita kwa Sista, naye akatupa mipaka ya saluni, ambayo ndiyo sababu hasa ya daftari hili.

Saluni inaosha, inafukiza kwa joto la kuvumilika, inashauri mteja apunguze mafuta mazito usoni na ajikinge na jua kwa kofia au mwavuli. Saluni haitoboi. Mtu akitaka vitolewe, kuna mtaalamu wa ngozi hospitali, anatumia sindano iliyotakaswa na mwanga wa kutosha, na pini iliyofutwa spiriti siyo sindano iliyotakaswa. Ipo pia dawa ya kupaka inayoharakisha ngozi kujivua, lakini ni ya kuandikiwa, na mjamzito haitumii. Mkorogo wa sokoni ni hapana. Na kipele kikiuma, kikiwa chekundu, kikitoa damu, kikikua, au usipokuwa na uhakika ni nini, usibahatishe, mpeleke zahanati. Mtoto mchanga mwache alivyo. Nimeyabandika haya ukutani juu ya beseni, kwa mwandiko wangu.

Tulifagia pamoja miezi miwili, Aneth na mimi. Tulielewana, kwa kiasi. Vipele vyangu vitano viliondoka vyenyewe baada ya kuacha mafuta ya mgando, polepole, sikujua ni siku gani. Viwili vipo. Matokeo yakatoka, nikapangiwa kidato cha tano, nikaaga. Mama Saluni alinipa taulo jipya. Kile kiti alimrudishia Aneth, baada ya kumpeleka Kayanga kujifunza kwa fundi anayejua.

Sikuandika haya ili mseme nimekuwa mtu mwema. Wiki iliyopita Aneth alinitumia picha ya bibi harusi mwingine aliyemhudumia, ametazama kamera moja kwa moja, anacheka. Niliikuza kwenye simu ya dada, jicho la kushoto, jicho la kulia, kope, pua, natafuta kipele hata kimoja. Sikukiona.

Nikamwandikia: hongera. Neno moja hilo lilinichukua mpaka jioni.