Mahali Kidole Kinapolala

Weka chini kwanza hiyo mashine ya kutobolea, mwanangu, gitaa lako halitakimbia. Mgongo umenichoka na macho yangu hayaoni tena nyaya nyembamba, lakini siku ile naikumbuka vizuri, nilipokuwa kijana hapa Lubumbashi na kujiona fundi.

Mjomba Ilunga, kaka yake mama, alikuwa mpiga gitaa la umeme wa kwaya yetu kule mtaa wa Annexe, mpaka mashine ya kiwandani ilipomsaga vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilivyobaki viliweza kupiga, ila havikuweza tena kuzinyamazisha nyuzi. Wimbo ukawa kama mtu anayesema bila kupumua. Na binti yake alikuwa karibu kuolewa. Tangu utotoni mjomba alimwahidi kwamba atamwingiza harusini kwa gitaa lake mwenyewe, na sasa mkubwa wa kwaya alikuwa amemwambia, kwa upole, ampishe mwingine.

Nikasema dawa ninayo. Kitufe: ukikibonyeza sauti inakatika, ukikiachia inarudi. Nilinunua kile cha kengele ya mlango, kinachong'aa, nikatoboa gitaa lake chini kabisa, mahali ambapo kila mtu angekiona. Nikazunguka nalo mtaani nikijisifu. Mjomba sikumwuliza kitu. Haraka haraka haina baraka, nanyi vijana hamtaki kuisikia hiyo.

Alipojaribu, kila alipotaka kukibonyeza ilibidi mkono wa kulia uache nyuzi. Wimbo ukavunjika vipande. Nikamwambia atazoea. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alizima ampli akasema:

"Mwipwa, ulitengeneza kitu ya macho ya bantu. Mukono yangu haukuiuliza."

Yaani nilitengeneza kitu cha watu kutazama, na mkono wake sikuuuliza. Kisha akanionyesha mkono wake wa kulia. Wazee wetu wa Katanga hupiga kwa kidole gumba na cha shahada, kidole kidogo kikiegemea ubao. Pale kilipoegemea miaka yote rangi ilikuwa imeisha, limebaki doa la ukubwa wa punje ya hindi. Nami nilikuwa nimepanga kulipaka rangi.

"Ni hapa inalalaka," akasema, akipagusa mahali pale. "Fasi ilikuwa inakungojea."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikihamishia kitufe pale pale. Siku ya harusi mjomba alimwingiza binti yake, kidole kidogo kikibonyeza na kuachia, na kila noti ikanyamaza pale alipotaka inyamaze. Bibi harusi alianza kulia mlangoni. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Mjomba ametutoka zamani. Gitaa lake ndilo hilo ukutani, na tundu langu la kwanza bado lipo, maana alikataa nilizibe. Tangu hapo vijana wananiletea magitaa, kila mmoja anataka kitufe chekundu chenye taa, kionekane vizuri kwenye video. Nimechoka kubishana, mwanangu. Na wewe sitabishana.

Nasaha yangu ni hii: kabla hujamtengenezea mtu kitu, mtazame kwanza akiwa kazini, kisha umwulize. Kuuliza si ujinga. Na ukijitengenezea mwenyewe, uulize mkono wako. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na avilinde vidole vyako vyote kumi.

Haya, lichukue gitaa lako, upige wimbo unaoupenda. Usiniangalie mimi. Mimi nitautazama mkono wako.